Shemeji Alinibadilishia Diski, Mwanangu Akafukuzwa Shule

Aliyetuandikia haya anaishi Gongo la Mboto. Jina lake tumelificha kama alivyoomba, na ya wenzake tumeyabadili. Msomeni mpaka mwisho ndipo mumjibu.

Wasomaji wenzangu, mie ni mama wa miaka thelathini na minane, nimeolewa, nina watoto wawili. Nina chumba changu pale Temeke, nachapa kazi za watu kwa kompyuta: kadi za harusi, barua za kuomba kazi, mitihani ya shule. Nawaandikia nina hasira, maneno yangu yakiwa makali mnivumilie.

Diski ya ndani ya mashine yangu, ile inayoiwasha na kubeba kazi zote, ilikuwa imejaa pomoni. Kila nikitaka kuweka kazi mpya lazima nifute ya zamani. Nikamwita Sudi, mdogo wake mume wangu, aliyesomea ufundi wa kompyuta Kinondoni. Akaja na diski mpya, kubwa. Akaniambia, "Shemeji, hatuanzi upya. Nazifunga zote mbili humu ndani, nahamishia kwenye mpya kila kilichomo kwenye ya zamani, kama kilivyo. Ukiiwasha hutajua kama kuna kilichobadilika."

Na kweli. Nilikaa pembeni namtazama anavyofungua na kuunganisha. Ilipowaka kwa diski mpya, yakatokea maneno yale yale niliyoyaweka mwenyewe yanisalimie kila asubuhi: "Bismillahi, mama Nasra, kazi ipo." Nilifurahi mno, nikampikia pilau. Nikamuuliza, "Na hii ya zamani je?" Akasema, "Hii ndogo, haikufai tena. Nitaifuta yote." Akaondoka nayo. Sikuwa na wasiwasi, mtu mwenyewe anakula kwangu tangu naolewa.

Hazikupita wiki nyingi, mtihani wa majaribio wa kidato cha nne ukazagaa mtaani kabla ya siku yake. Ni wa shule anayosoma binti yangu Nasra, na niliuchapa mie, kabla ya diski kubadilishwa. Mkuu wa shule alinifuata ofisini, wateja wamejaa. "Mama, umenidhalilisha. Mtihani umetoka kwako, na mwanao ndiye aliyeusambaza." Niliapa, sikusikilizwa. Nasra akafukuzwa. Mtoto aliyekuwa haachi kitabu hata akipepeta mchele, leo akipita mtaani wanamwita mwizi wa mitihani. Baba yake naye badala ya kututetea akanifokea, "Wewe ndiye unayeacha kazi za watu ovyo!"

Basi Sudi naye akafungua ofisi yake ya kuchapa, Mikocheni. Mama mkwe akasema kutasomwa dua, nisipokwenda nitakuwa na roho ya kwanini. Nikaenda. Ubani unafuka, watu wameinamisha vichwa, umeme ukakatika. Uliporudi, mashine ya Sudi ikajiwasha yenyewe mbele ya wageni wote. Ikaandika: "Bismillahi, mama Nasra, kazi ipo."

Shangazi yao kina Sudi akasoma kwa sauti, akanigeukia. "Mama Nasra si wewe?"

Nikaenda kukaa kwenye ile mashine bila kuomba ruhusa. Kazi zangu zote zimo. Mtihani umo. Na pembeni yake zimo kadi za wateja wa Sudi, zenye jina la ofisi yake. Alikuwa hajafuta kitu, kaichomeka diski yangu anafanyia biashara.

"Sudi, si uliniambia utaifuta?"

"Shemeji, usilete fujo kwenye dua."

"Mtihani ulimpa nani?"

Akatazama chini. "Vijana wa tyusheni walinisumbua, nikawatolea nakala. Mie ningejuaje kama watamsingizia Nasra?"

"Na walipomsingizia, mbona ulinyamaza?"

Nikazima mashine, nikachukua bisibisi yake mezani, nikaifungua kama nilivyomwona yeye akifungua yangu, nikaing'oa diski. Mama mkwe akanikamata mkono. "Mwizi mkubwa we! Unamwibia mwanangu siku ya dua yake!" Nikamwambia, "Mama, heshima yako nimekupa miaka yote. Leo niachie mkono." Nikatoka nayo.

Sasa diski ipo kwa rafiki yangu, sisemi wapi. Nilimwendea mkuu wa shule, akasema nikimletea ushahidi wa aliyetoa mtihani kabla ya Jumatatu, Nasra atarudi shule na kufanya mtihani wa mwisho pamoja na wenzake. Nikamweleza mume wangu nikidhani atafurahi. Akasema, "Ukiipeleka, talaka yako utaikuta mlangoni. Sudi akifungwa mama yangu nani atamtunza? Nasra ni wa kike, ataolewa."

Mwanawe wa kumzaa! Tangu siku hiyo chakula nampikia, salamu simpi. Mama mkwe anapita nyumba hadi nyumba kunitangaza kuwa nimekuja kuvunja ukoo. Sudi hata aibu hana, ametuma mtu anidai diski yake. Yake!

Linalonikata maini ni Nasra. Alisikia kila kitu. Akaniambia, "Mama, usiachike kwa ajili yangu. Nitajifunza cherehani tu." Nilidhani maneno ya mtoto, yatapita. Jana nimerudi kazini nimemkuta ukumbini, kaifumua sare yake ya shule, anaipunguza imwenee mdogo wake.

Nyie mnaosoma hapa, mngekuwa mie mngeshika njia gani? Nipeni ushauri, siku zinakwisha. Ila yule atakayeniambia nisamehe yaishe, kwanza anifundishe maneno ya kumwambia Nasra.