Mwanangu Aliyekuwa Baba Mkwe Wangu

Mtoto wangu wa kwanza alikuwa na fujo ambayo mpaka leo sijaona mfano wake, na nimelea watoto wengi, wangu na wa wenzangu. Alimwaga maharagwe yakiwa motoni, alivunja mitungi, aliwauma wageni. Watu wa Karuba walinihurumia mbele yangu na kunicheka nyuma yangu, na sikuwalaumu. Methali inasema asiyesikia la mkuu huvunjika guu, lakini nyumbani kwangu mkuu mwenyewe alikuwa na miaka minne.

Mume wangu alikuwa mtu wa Ntoto, kule msituni Walikale, seremala aliyeletwa milimani na kazi ya misheni. Mimi ni wa Karuba. Kwao kama kwetu, mwanamke hamtazami baba mkwe wake usoni. Mkikutana njiani unageuza uso na kunyamaza mpaka mpishane. Baba mkwe wangu alikuwa mpole, na kila tulipokutana alisema, "Pita tu, mukwe. Siko nakuangalia." Sauti yake niliijua vizuri. Uso wake sikuwahi kuujua.

Alikufa nikiwa karibu kujifungua. Kabla ya matanga kwisha nikazaa mtoto wa kiume, naye akapewa jina la babu yake. Mama mkwe, ambaye desturi ilimtaka anyoe nywele kwa msiba, aliukataa wembe. "Nimunyolee nani?" aliwauliza wanawake. "Bwana yangu amerudi." Akaja kukaa kwetu Karuba, na tangu mtoto alipoachishwa ziwa, mambo yakawa hivi: yeye alimwita bwana yangu, mume wangu alimwita Papa, na mimi nilimwita Papa Mukwe huku nikitazama pembeni. Kumchapa haikuwezekana. Nani humchapa baba mkwe wake?

Nilimpenda mama yule. Alinifundisha kupika majani ya muhogo, sombe ya msituni, na nilipougua homa alinilisha kwa mkono wake. Lakini siku mtoto alipomsukuma mdogo wake kwenye majivu ya moto, nikamkimbiza yule mdogo dispanseri ya misheni na mkono wake umejaa malengelenge, niliporudi nilimkuta mama mkwe ameshakata shauri.

"Baridi ya huku njo inamuchokoza," alisema. "Hii milima ya ng'ombe haiko kwake. Tukimaliza kuvuna maharagwe, kama hajatulia, narudi naye Ntoto."

Mume wangu aliinamisha kichwa. Angemkatalia vipi mama yake kuondoka na baba yake? Mimi nilijua kwamba mtoto akishashuka kwenda msituni atakuwa wa huko, nami nitabaki kuwa mwanamke aliyemzaa tu. Niliogopa kuliko nilivyowahi kuogopa maishani.

Kwenye dispanseri wakati huo alikuwapo mwanamke wa Kizungu tuliyemwita Mamzeli. Hakuwa mtawa wala muuguzi. Kazi yake ilikuwa kuchunguza akili na tabia za watoto. Kwao aliwatibu watoto watundu bila fimbo na bila dawa, kwa kuwafundisha mama zao, na alitaka kujua kama tiba hiyo ingefaa na huku. Wenzangu walisema amekosa kazi. Mimi maji yalikuwa yamenifika shingoni. Ningemsikiliza hata mbuzi.

Alitupa chumba chenye mkeka na vipande vya mbao, akakaa pembeni kutuangalia. Maagizo yake yalikuwa mepesi. Nicheze na mtoto, nimfuate anakotaka. Akifanya vizuri nimsifu. "Akifanya fujo, geuza uso," aliniambia kwa Kiswahili chake cha kuokoteza. "Usiseme kitu. Akitulia, mwangalie tena."

Nikakaa ukingoni mwa mkeka, maana kukaa mkeka mmoja na baba mkwe ni aibu, nikawa namsifu huku naangalia ukuta. Alipozirusha mbao niligeuza uso na kunyamaza. Sehemu hiyo ya tiba niliiweza kuliko mama yeyote aliyeingia chumba kile.

Nyumbani niliendelea vilevile, na fujo ikazidi. Kila nilipogeuka alivunja kingine. Mama mkwe peke yake ndiye aliyependezwa. "Sasa njo unamuheshimu," alisema. Shambani maganda ya maharagwe yakaanza kukauka.

Mchana mmoja Mamzeli alikuja kututazama nyumbani, nikampa kiti karibu na mlango. Mtoto akachukua sahani ya sombe ya baba yake, akaitupa nje. Nikageukia ukuta, kimya, kama nilivyofundishwa. Nikasikia miguu yake ikija taratibu nyuma yangu. Kisha akasema, kwa upole wa mzee:

"Pita tu, mukwe. Siko nakuangalia."

Bibi yake ndiye aliyemsimulia maneno yale, bila shaka, lakini aliyasema kwa kuelewa. Aliniona nimegeuka, akanipa ruhusa ya kupita. Kile ambacho kwa Mamzeli kilikuwa kumnyima mtoto uso wa mama, kwetu kilikuwa heshima kubwa kuliko zote, na mimi nilimpa heshima hiyo kila alipovunja kitu. Nililia pale pale ukutani. Nilipoweza kusema nilimweleza Mamzeli yote. Akaniuliza swali ambalo mimi sikuwa nimejiuliza: nani anaweza kukuruhusu umwangalie?

Jibu nililijua. Baba mkwe akipenda, humpa mke wa mwanawe kuku mkononi, na tangu siku hiyo mwanamke yule yuko huru kumtazama. Baba mkwe wangu alikufa kabla ya kunipa kuku wangu. Na kuku wa nyumba yetu walikuwa wa mama mkwe.

Nilimfuata uani alipokuwa anapura maharagwe. Nikachukua fimbo, nikapura naye. "Mama," nikasema, "naomba kuku ya mukwe."

Alielewa mara moja. Aliendelea kupiga maganda, pole pole zaidi.

"Nikikupa hiyo kuku, atabakia mutoto tu."

"Ndiyo, Mama. Atabakia mutoto."

"Na bwana yangu?"

Nikaacha kupura. Nilikuwa nimekuja kumgombea mwanangu, na sasa nilimwonea huruma mama yule. Aliweka fimbo chini, akaingia bandani, akatoka na kuku mwekundu, yule wa mayai aliyempenda. Akamwita mtoto, akampakatisha kuku, akamnong'oneza, akamsukuma kwangu.

"Kamata," mtoto akasema. "Uniangalie."

Nikampokea kuku, nikamwangalia mwanangu. Alikuwa na macho ya mama yangu mimi, marehemu, wa Karuba. Nikamwita mwanangu kwa sauti. Alinishangaa, mdomo ukamtetemeka, akaanza kulia kama mtoto yeyote, nami nikamwachia kuku akimbie ili nipate kumbeba.

Fujo haikwisha siku ile. Tulirudi kwa Mamzeli, safari hii nikakaa katikati ya mkeka, na sasa nilipogeuza uso mtoto alizunguka mbio kuutafuta. Alitulia kidogo kidogo, mpaka watu wakasahau kwamba aliwahi kuwauma. Mamzeli alirudi kwao, na alichoandika juu yetu sikijui.

Lakini hayo yalikuja baadaye. Asubuhi iliyofuata siku ya kuku, mama mkwe alitoka na mzigo wake mgongoni. Mume wangu alimsihi abaki, akakataa. Alimpa mtoto hindi la kuchoma, akamwita mujukuu wangu, akashika njia ya Ntoto peke yake. Kitambaa chake cha kichwani alikuwa amekifunga kiunoni, na kichwa chake kilikuwa kimenyolewa.