Meneja Aliyegeuzwa Mama wa Chai

Kila Jumatatu, kabla mashine hazijawashwa, wafanyakazi wa kiwanda cha magodoro walikuwa wanagombania gazeti moja. Habari za dunia? Thubutu! Dunia ingengoja. Walikuwa wanatafuta safu ya meneja mkuu wao, mwanamke mfupi mwenye sauti nzito, aliyeandika juu ya maisha ya kazini: bosi anayeitisha kikao ili kupanga kikao kingine, mhasibu anayeficha stepla kama dhahabu, mtu asiyejulikana anayekula chakula cha wenzake kwenye friji halafu anarudisha bakuli tupu, limefunikwa vizuri kabisa. Walimwita Bosi Kalamu, kwa nyuma na hata mbele yake, maana jina lenyewe alilipenda.

Hakuzaliwa bosi. Alianza dukani, pale mbele ya kiwanda, kazi yake kuwaomba wateja wavue viatu kabla ya kujaribu godoro. Akapanda akawa msimamizi wa duka, akahamia ofisi ya mauzo, kisha wakampeleka ghalani, ambako wanaume walisema hamalizi mwezi. Aliumaliza, na wengine waliosema hivyo wakaondoka kabla yake. Mkurugenzi, mwenye kiwanda, alipochoka kupanda na kushuka ngazi kila saa, akamkabidhi umeneja mkuu. Safu nayo aliipata kwa bahati tu. Mhariri mmoja alikuja dukani amefura, anarudisha godoro lililobonyea katikati. Mwanamke akamsimulia visingizio vyote alivyowahi kusikia vya watu wanaorudisha magodoro, mpaka mhariri akashika mbavu. "Andika hivyo hivyo unavyosema," akamwambia. "Usijitie usomi." Godoro hakubadilishiwa, lakini gazeti lilipata mwandishi.

Alikuwa na ufundi wake, aliuita kugeuza. Mwanamume anamfanya mwanamke, mzee anamfanya kijana, wa fedha anampeleka ghalani, mnene anamkondesha. Mhusika akijisoma hajijui, anacheka na wenzake. Hakuna aliyewahi kugonga mlango wake kulalamika, na hilo alijivunia kuliko cheo.

Sasa palikuwa na meneja wa mauzo, ambaye watu walimwita Bwana Tai kwa sababu ya tai aliyoivaa hata siku za kupakia mzigo. Alikuwa shemeji wa mkurugenzi, mdogo wa mke wake. Dereva mmoja alitania kantini kwamba mkurugenzi anavyokoroma vikaoni, angewekwa dirishani kutangaza magodoro. Watu wakacheka, Bwana Tai naye akacheka, tena kwa sauti. Mchana huohuo Bosi Kalamu alikuwa ofisini kwa mkurugenzi, Bwana Tai akaingia, akayamwaga yote, na chumvi juu. Dereva akaachishwa kazi. Kiwanda kizima kikabaki kinajiuliza nani kapeleka maneno, na Bosi Kalamu, aliyejua, akanyamaza.

Ilimuuma. Akaandika juu ya mpeleka maneno, na kwa kuwa shemeji wa mkurugenzi si mtu wa kuchezea, safari hii alimgeuza kwelikweli. Akamfanya mama wa makamo anayezunguka maofisini na toroli la chai, masikio wazi, mdomo mtamu. Alipomaliza alijisomea mwenyewe, akacheka.

Haya, na pale kiwandani palikuwa na mama wa chai. Wa makamo. Mwenye toroli. Jamani, utasema, mwanamke huyu hana macho? Macho alikuwa nayo. Mama huyo alikuwa akimletea chai tangu enzi za dukani, akimwita mwanangu, na kwa miaka yote hiyo bosi alikuwa anaona kikombe tu.

Ilifika katikati ya wiki ndipo alipokutana na toroli koridoni likirudi jikoni, chupa za chai zimejaa vilevile. Akamuuliza sekretari wake, "Watu wameacha chai?"

Sekretari akafunga mlango kwanza. "Bosi, umetusaidia sana. Kumbe ni yule mama! Na tulivyokuwa tunamwaga siri mbele yake!"

"Yupi? Mama wa Chai? Hapana, wewe! Si yeye!"

"Ndiyo, bosi." Sekretari akatabasamu kwa heshima. "Tumeelewa. Huwezi kumtaja."

"Nakwambia si yeye."

"Na mimi nimesema nimeelewa."

Kufika jioni, habari ilikuwa imezunguka kiwanda chote kwamba bosi anamkingia kifua Mama wa Chai. Ndiyo ikawa mbaya zaidi. Kama anamtetea, basi si ajabu ni jasusi wake mwenyewe!

Kesho yake Mama wa Chai akaingia ofisini bila toroli. Gazeti hakuwa anasoma, na nani angemwambia? Alikuwa amevaa gauni jipya, na alinukia sabuni kutoka mlangoni. Akaweka ufunguo wa jiko juu ya meza.

"Mwanangu, wewe ndiye ninayeweza kukuuliza. Nikiingia, watu wananyamaza. Chai hawanywi. Vikombe nimevisugua mpaka vinatoa mlio. Nimebadilisha majani, nimebadilisha nguo." Akainama, akapunguza sauti. "Niambie ukweli, sitakasirika. Ninanuka?"

Bosi Kalamu, mtu wa maneno, aliona aibu ambayo hajawahi kuiandika.

"Hunuki, mama. Kosa ni langu. Chukua ufunguo wako, kesho uje kantini saa ya chai. Nakuomba."

Nyumbani alimkuta mume wake, fundi cherehani, anapinda suruali ya mtu. Akamweleza yote. Mkataba wake wa umeneja ulikuwa unakwisha mwezi ule, na wa kuutia sahihi ni mkurugenzi.

"Ukimtaja shemeji yake, kazi huna," mume akasema.

"Najua."

"Usipomtaja, yule mama anaondoka akidhani ananuka."

"Najua pia!"

"Sasa unanitazama mimi wa nini? Mimi nashona."

Siku ya pili, kantini ilikuwa imejaa. Mama wa Chai alisimama pembeni na toroli lake, hakuna aliyemsogelea. Bwana Tai alikuwa meza ya katikati, na kikombe cha kahawa aliyokuja nayo kutoka kwake. Bosi Kalamu akapiga moyo konde, akasimama.

"Mnayemdhania siye. Mama huyu hajawahi kupeleka neno la mtu popote. Niliyemwandika ni mwanamume. Nimemgeuza, kama ninavyowageuza ninyi nyote."

Mnong'ono ukapita. Fundi mmoja wa mashine akasema, "Bosi, kama yupo, mtaje. La sivyo, hizo ni hadithi."

"Meneja wa mauzo. Alipopeleka maneno ya dereva kwa mkurugenzi, nilikuwa nimekaa palepale. Na mimi nikanyamaza."

Bwana Tai akainuka. "Bosi, utani mwingine unazidi," akasema, akanyoosha tai. Kisha, kikombe mkononi, akatoka na kushika ngazi za kwenda ofisini kwa mkurugenzi. Hakujizuia hata siku hiyo! Kantini nzima ikamsindikiza kwa macho mpaka viatu vikapotea juu.

"Haya," fundi akasema, "mzigo unafikishwa."

Wakaangua kicheko, na mmoja baada ya mwingine wakaanza kupanga foleni mbele ya toroli. Wengine walimwomba mama samahani, wengine waliomba sukari tu, wakainamisha macho.

Tusidanganyane, mkataba haukuongezwa. Siku hizi Bosi Kalamu anauza magodoro ya watu wengine katika duka dogo lenye mlango wa bati, na safu bado anaiandika. Ukimuuliza kuhusu cheo, anapunga mkono. Linalomuuma ni lile la kwenye foleni, ilipofika zamu yake, na Mama wa Chai akamjazia kikombe bila kumtazama.

"Mwanangu, nina swali. Ulipoandika mama wa makamo, mwenye toroli, mwenye chai, mimi sikukujia kichwani?"

Uongo mzuri ulikuwa tayari mdomoni: kwamba alijua hakuna mtu angeamini jambo kama hilo juu ya mama mwema kama yeye. Mama angeupokea, wangeyamaliza.

"Hukunijia, mama."

"Hata kidogo?"

"Hata kidogo."

Mama wa Chai akamkabidhi kikombe.

"Afadhali ungenisingizia," akasema, akamwita aliyefuata.