Radioactif Haikuwa ya Radio

Waasi walipoingia Uvira, bibi yangu wa ndoa alikuwa ameshavuka kwenda Bujumbura na mimba kubwa. Minye nilibakia kulinda nyumba. Kulinda nini? Meza moja, na radio yenye pile, betri zile, zilizokufa. Mupaka wa Kavimvira ukafungwa, na mu maduka hamukubakia hata pile moja. Kila mangaribi radio ya Bujumbura ilikuwa inasoma habari za watu waliotawanyika: fulani iko hospitali, fulani amezaa. Minye nilikuwa naangalia sanduku ya radio tu.

Baba yangu mudogo, marehemu, alitumika ku mine ya madini kule Katanga. Alituletea jiwe jeusi, zito sana, akasema iko uranium, iko radioactif. Basi kichwa changu cha secondaire mwaka wa pili kikapiga hesabu: radio na radioactif, si ni ndugu?

Nikafunga jiwe na waya ndani ya radio, pahali pa pile. Kimya.

Jirani yangu muvuvi alicheka mpaka akashika ukuta.

— Weye profesa, itasema kesho?

— Ngoja kwanza ipate moto!

Padri aliyetufundisha, mbele ya uhuru kufika na yeye kurudia kwao, alisema chuma ya uranium inapitisha umeme, lakini kwa shida, si kama shaba. Ikipata moto, shida inazidi. Na mu mashini kubwa ya kutengeneza umeme na uranium, joto inazaliwa ndani ya chuma yenyewe. Kazi ni kuitosha inje, sababu inatembea pole kama gari mu matope ya Luberizi. Minye nilishika neno "umeme" tu.

Jirani akaleta torshi yake. Tukapitisha waya ku jiwe: ampuli, ile taa yake ndogo, haikuwaka. Njo nikajua iko jiwe tu. Chuma yenyewe, iliyosafishwa, ingeiwasha.

— Kumbe uko na pile! nikasema. Mbona hukusema?

— Uliniuliza? Weye ulikuwa unauliza jiwe.

Akazitosha mu torshi, akazitia mu radio. Sauti ikatoka, ndogo kama ya mbu. Mwanamuke fulani amezaa salama, mutoto musichana, anatafuta bwana yake aliyebakia Uvira, anaitwa... Sauti ikazama.

— Minye niko hapa! nikapigia radio kelele. Niko hapa!

Jirani hakucheka. Alizima radio pole, ili pile zibakie na nguvu kidogo ya kesho.