Somo Nililoshindwa Kumfundisha Baba Mkwe

Ijumaa asubuhi nilifunga duka langu mjini Kisii nikiwa na kiherehere cha mtahiniwa, ingawa mtihani ulikuwa wa baba mkwe. Wifi yangu Nyaboke alikuwa amefika kutoka Marekani na bintiye Kemunto, mtoto wa miaka sita anayejua Kiingereza tu. Marehemu mama mkwe alimwona mjukuu huyo kwenye simu, akafa bila kuelewana naye hata neno. Baada ya mazishi Baba aliniambia, "Mama Moraa, mimi sitaki mkalimani. Nifundishe." Basi kila asubuhi nikawa namrekodia somo fupi kwenye simu: salamu, mvua, ng'ombe, soko. Alikuwa akiyarudia maneno yake kwa sauti huku akichuma chai.

Nyamira tulisimama kununua mkate na sukari. Nyaboke ndiye aliyeendesha gari, mimi nikakaa nyuma na Kemunto, ambaye aliuliza habari ya kila kitu alichokiona. Nilimjibu huku roho iko juu. Je, mzee akisahau yote?

Kebirigo tuliiacha lami, tukafuata njia ya mashamba ya chai mpaka nyumbani. Baba alikuwa langoni, amevaa suti ya kanisani. Nilimsalimia kwa mbali bila kumpa mkono, kama chinsoni inavyotaka, yaani ile heshima yetu Wakisii kati ya mtu na mkwewe. Kisha akamgeukia mtoto. "Welcome, my granddaughter! How was the road?" Kemunto akamjibu kwamba barabara ilikuwa na mashimo mengi. Mzee akaangua kicheko. Alikuwa ameelewa! Nilikimbilia jikoni nikarukaruka peke yangu kama kichaa.

Alasiri, Nyaboke akiwa kwa jirani, nilimsikia Kemunto akilia barazani. Alimwambia babu yake kwa Kiingereza kwamba tumbo linamuuma. Neno hilo Baba hakulijua. Hapo nikajua nimeharibu. Katika masomo yote yale sikumfundisha neno hata moja la mwili. Tumbo, goti, mgongo: mke wa mwanawe angeyatamkaje masikioni mwake? Nilisimama mlangoni na mwiko mkononi, siwezi kutoka, siwezi kukaa.

Baba akachutama mbele ya mtoto. "Show me," akasema. Kemunto akashika tumbo, akalitaja. Mzee akashika lake, akarudia lile neno, akaongeza, "Very big!" Mtoto akacheka machozi yakiwa bado mashavuni. Kumbe alikuwa ameshiba kuku kupita kiasi. Akaendelea: pua, sikio, kisigino, na Baba akamfuata kwa sauti ya kuamsha mtaa. Nililia kwa furaha mbele ya sufuria.

Jumapili, tulipokuwa tukiaga, Baba aliniambia akiwa kando ya gari, "Mama Moraa, umenifundisha vizuri sana. Lakini sasa pumzika. Nimepata mwalimu ambaye simwonei haya." Sijawahi kufutwa kazi nikafurahi namna hiyo. Nilikuwa nimemfundisha Kiingereza cha wageni. Cha nyumbani kilihitaji mtu wa kushikana naye pua.

Tulipokaribia Kisii, Nyaboke alimuuliza bintiye yeye na babu walizungumza nini siku zote hizo.

"Kila kitu," Kemunto akajibu kwa Kiingereza chake, akalala.