Nukta Tisa za Fundi Gaudence

Kibanda cha Gaudence na changu vinatumia ukuta mmoja. Yeye anatengeneza simu, mimi nashona, na jua la Mkonze, hapa Dodoma, linatuchoma sawasawa. Ni mwaka wa sita sasa. Kwa hiyo haya sikuhadithiwa, na atakayekuja kuniambia kwamba Gaudence aliuza siri za watu nitamjibu vibaya, maana nimechoka kujibu vizuri.

Kila fundi simu anaomba paswedi. Huwezi kujaribu kioo kipya kwenye simu iliyofungwa. Wengi huiandika kwenye kipande cha karatasi na kukibandika mgongoni mwa simu, kila apitaye akasoma. Gaudence aliuona huo ni uhuni. Akanunua daftari lenye jalada gumu. Kila simu ikija anachora nukta tisa, tatu kwa tatu, kisha anapitisha mstari kati yake jinsi mwenyewe anavyotelezesha kidole kuifungua. Pembeni anaandika jina la mtu na anakotoka. Simu inaondoka, ukurasa unabaki.

Ulibaki kwa ajili ya wazee. Kuna wakulima na wafugaji wanaoteremka kutoka wilaya ya Chemba siku za mnada, wana simu walizonunuliwa na watoto wao, na mchoro wa kuzifungulia hausimami kichwani. Gaudence anaamkia shikamoo, mzee anaitikia na kumkabidhi simu kama mtoto mgonjwa, daftari linafunguliwa, simu inafunguka. Hatozi kitu. Nilimtania kwamba iko siku atakuwa na funguo za Dodoma nzima, akacheka mpaka bisibisi ikamdondoka.

Lakini hakuwahi kusoma ujumbe wa mtu. Akishaweka kioo anafungua kikokotoo, anagusa tarakimu zote kuona kama zinaitika, anazima. Siku moja nilimchokoza anichungulilie simu ya jirani mmoja, simtaji, akaninunia siku mbili nzima.

Mwaka jana ziliibwa pikipiki mbili mtaani kwetu. Bartolomayo, mjumbe wa ulinzi wa mtaa, alikuja na simu iliyoangushwa na mwizi, na mwizi mwenyewe kumbe aliwahi kuwa mteja. Gaudence akaifungua. Kabla ya jioni pikipiki zote zilikuwa zimepatikana, na watu wakapita kibandani kumpa mkono. Siku ya pili Bartolomayo akarudi, akaomba kupiga picha kurasa za daftari, akisema si kila siku atamkuta fundi, na lengo ni usalama wa wote. Gaudence alikubali. Hilo ndilo kosa lake na nalisema wazi. Nami nilikuwepo, nikaendelea kutunga uzi kwenye sindano.

Baadaye kidogo akaja Jordan kupunguza suruali. Anafanya kazi ya kompyuta katika wizara mojawapo kule Mtumba. Redio yangu ilikuwa inarusha mjadala: je, kampuni za kutuma ujumbe zilazimishwe kuacha mlango wa nyuma, ili serikali iweze kusoma mawasiliano ya wahalifu? Gaudence aliona ni jambo jema kabisa. Asiye na baya anaogopa nini? Jordan alimsikiliza akiwa amejifunga kanga yangu kiunoni, akisubiri suruali.

"Kaka, mlango haumjui anayeingia," alisema. "Ukiuweka kwa ajili ya polisi mwema, umemwekea na mwingine."

Gaudence akapigapiga jalada la daftari lake. Pikipiki zimerudi, akasema, na nani ameumia? Jordan alilitazama lile daftari, akauliza limenakiliwa mara ngapi. Mara moja tu, Gaudence akajibu. Jordan akavaa suruali yake akaondoka, na tangu siku hiyo simu yake anatengenezea mjini.

Jumatatu iliyopita akaja Ritha, mke wa Stanley, nyumba ya tatu kutoka hapa. Mdomo ulikuwa umevimba. Simu ya Ritha ilikuwa imebamizwa ukutani na Stanley, kioo kimepasuka chote. Mchoro wake ulikuwamo daftarini tangu mwaka juzi, alipoleta simu hiyohiyo kubadilisha betri, na hakuwahi kuubadili. Nani hubadili?

"Fundi, simu hii usimpe mtu," alimwambia. "Hata akija na baba yangu mzazi."

Kesho yake Ritha na watoto wake wawili hawakuwepo. Hakumuaga mtu, hakusema anaelekea wapi. Nilifurahi, sifichi. Gaudence akaweka kioo, akaijaribu, akaifungia kwenye droo, laini ya Ritha ikiwa bado ndani ya simu.

Alhamisi asubuhi Stanley alifika, Bartolomayo nyuma yake. Wakaitaka simu. Gaudence akasema mwenyewe yupo, atakuja kuichukua. Bartolomayo alizungumza kwa upole sana, kwamba mwanaume anatafuta watoto wake na hilo nalo ni suala la usalama. Gaudence akasimama mbele ya droo. Stanley alimsukuma, nikapiga kelele, droo ikang'olewa. Hata hapo nilijipa moyo, maana simu ilikuwa imefungwa. Kisha Bartolomayo akatoa simu yake mwenyewe, akatafuta picha, akaikuza kwa vidole viwili mpaka likaonekana jina la Ritha. Stanley alitelezesha kidole mara moja tu. Akasoma ujumbe amesimama, midomo ikimcheza, halafu akatabasamu. Wakapanda bodaboda, wakaondoka.

Namba pekee ya Ritha tuliyokuwa nayo ni ya hiyohiyo simu. Gaudence aliipiga hivyohivyo, kwa sababu hakuwa na kingine cha kufanya. Stanley akapokea.

"Asante fundi," alisema. "Kioo kizuri."

Nyuma yake, stendi, konda wa basi alikuwa akiita abiria wa Chemba. Simu ikakatwa.

Nilifunga cherehani nguo ya mteja ikiwa bado chini ya sindano. Tukakimbilia polisi, dawati la jinsia. Dada tuliyemkuta hapo hakutuzungusha. Alisikiliza, akaandika, akapiga simu Chemba palepale mbele yetu. Kisha akaziba simu kwa kiganja.

"Wako tayari kwenda," akasema. "Kijiji gani?"

Gaudence akanigeukia. Nikamshika shati. Nilimuuliza kama kweli hakuona hata ujumbe mmoja alipokuwa anajaribu kile kioo, hata jina la mtu, hata nusu ya neno. Mungu anisamehe, nilitamani kwa moyo wangu wote awe mbea kama mimi.

"Sikusoma, Mama Iddy," alisema. "Mimi huwa sisomi."

Akaanza kulia, mtu mzima, mbele ya askari. Kisha akachomoa daftari kifuani mwa shati na kuliweka mezani. Alikuwa amekumbuka wazee wake. Mama mgeni mwenye watoto wawili hawezi kuingia kijijini pasipo mtu kumwona, na wazee wale wametapakaa wilaya nzima. Akapekua haraka, akinitajia nani wa wapi, na mimi nikihesabu kwa vidole. Mzee Filipo. Bibi Penina. Tukawapata kumi na mmoja. Yule dada akaona mwanga kidogo, akavuta karatasi na kalamu, akamwambia amsomee namba zao, aanze na aliye karibu na barabara.

Gaudence alishusha kidole kwenye jina la Mzee Filipo, kikapita juu ya zile nukta tisa, kikafika ukingoni mwa karatasi. Akafunua ukurasa wa pili, na wa tatu. Alijua jinsi ya kufungua simu ya kila mmoja wao, lakini namba ya kumpigia hakuwa ameandika hata moja.