Siku Niliyomkimbia Haramia wa Kwenye Shuka

Kariakoo nzima walikuwepo watu wawili tu ambao sikutaka wanione nikiaibika, Mzee Nassor na binti yake Zuwena, na siku hiyo wote wawili walikuwepo, mmoja kakaa ubavuni mwangu, mwingine nyuma yangu, wakaona kila kitu tangu mwanzo hadi mwisho. Nawasimulia ninyi kwa sababu mmeshaisikia vibaya. Yule aliyewaambia kwamba nilijikojolea ni mwongo (yale yalikuwa maji ya ndoo, mtaona), lakini mengine yote aliyosema ni kweli, na yapo asiyoyajua, nayo ndiyo mabaya zaidi.

Ilikuwa enzi za Mwingereza, vita ya Mjerumani imekwisha miaka kadhaa, mimi kijana, fundi baiskeli hapa hapa Kariakoo, nimeshapeleka posa kwa Mzee Nassor kwa mkono wa mjomba wangu na nangoja jibu. Mzee alikuwa Mwarabu wa mjini hapa, babu yake ndiye aliyetoka Arabuni, na duka lake lilikuwa la kanzu na kofia, kofia zenyewe akizishona kwa mkono wake, tundu moja moja, kazi ya subira. Kila jioni nikifunga kazi nasugua mikono kwa sabuni na mchanga mpaka grisi itoke, naenda kukaa barazani kwake ili anizoee. Kahawa ananipa. Jibu hanipi.

Basi siku moja ikapita ngoma mtaani, mtu kapanda juu ya mkokoteni anatangaza kwamba Idi Pili baada ya sala ya adhuhuri kutakuwa na sinema kwenye ghala la mbata, tena si sinema ya kuangalia tu, "picha zinatoka nguoni, jamani, zinatoka zinatembea!" Wakati ule picha zilikuwa bado bubu, na wengi wetu hata hizo bubu hatujapata kuziona. Mzee Nassor akaweka sindano chini, akauliza, "Hivi inawezekana hiyo? Mtu wa picha akatoka?"

Hakumwuliza mtu. Aliuliza tu. Ningenyamaza, leo nisingekuwa na la kuwasimulia. Lakini nikaona hapa ndipo pa kuonekana mtu, nikasema, "Maneno ya kuvuta wateja hayo, mzee. Mimi Mombasa nimeziona mara tatu. Ni mwanga tu unapigwa kwenye shuka." (Mombasa nilikwenda kweli, siku kumi na moja, kwenye msiba wa shangazi. Jumba la sinema niliuona mlango wake, na mlango wenyewe ulikuwa umefungwa.)

"Mara tatu?"

"Mara tatu, mzee."

"Basi utatupeleka wewe. Zuwena na shangazi yake wananisumbua, nami sipendi kuingia mahali nisipopajua. Tukiwa na mwenyeji, hapana neno."

Nilirudi nyumbani sioni pa kukanyaga kwa furaha.

Idi Pili tukaenda, mimi na kanzu mpya. Madirisha ya ghala yamezibwa magunia, mlangoni pameshushwa turubai, ndani giza, harufu ya mbata inakaba koo. Wanawake wakakaa nyuma, wanaume mbele kwenye mikeka, na mimi mwenyeji nikampeleka mzee mkeka wa mbele kabisa, miguu yetu inakaribia kugusa shuka. Mashine ikaanza kukereza, picha ikaja. Mfanyabiashara anasafiri milimani na mizigo yake, farasi wanakwenda mbio, na nyuma ya shuka kukasikika ko-ko-ko-ko.

Mzee akaniinamia. "Rajabu, mbona nasikia kwato?"

"Mashine hiyo, mzee. Ndivyo inavyolia." (Walikuwa watu wanagonga vifuu vya nazi. Nilikuja kujua baadaye.)

Mfanyabiashara akafika kwa sultani, harufu ya ubani ikatufikia puani. "Na ubani huu?" Nikasema shuka lazima lifukizwe kabla, hata Mombasa wanafanya hivyo. Halafu ikaja mvua. Mvua ikanyesha kwenye picha, na maji ya baridi, maji kweli, yakatumwagikia kutoka juu, yakanituama mapajani, kanzu yangu ikalowa chepe kuanzia kiunoni kwenda chini. Watu wakashangilia. Mzee akajifuta uso, akanitazama.

"Paa linavuja," nikasema.

"Idi hii yote haijanyesha, Rajabu."

Hapo mimi mwenyewe nilikuwa nimeanza kuogopa. Nilikuwa nimemaliza uongo wote niliokuja nao.

Ndipo haramia akatokea kwenye picha, kilemba cheusi, upanga mkononi. Akamkata mfanyabiashara, akageuka, akatutazama sisi. Akaanza kuja. Anakuja, anakuwa mkubwa, kichwa kimejaa shuka zima, mara picha ikazimika pu, giza, kisha ikawashwa taa ya karabai, na pale pale, kilemba kile kile, upanga ule ule, akachomoza katikati ya shuka mtu mwenye nyama na mifupa, ananguruma. (Shuka lilikuwa limepasuliwa katikati tangu mwanzo na kufungwa kwa vishikizo. Mwenyeji sikuliona hilo.)

Nilipiga ukelele ambao mwanamume hapaswi kuwa nao kooni. Haramia mwenyewe akashtuka, akashusha upanga, akaniinamia, akasema taratibu, "Fundi Rajabu, tulia, ni mimi."

Alikuwa Bakari, muuza mkaa wa kule Jangwani, ambaye wiki ile ile nilimtengenezea mnyororo wa baiskeli. Lakini uso kaupaka masizi, sikumtambua. Nilichosikia mimi ni kwamba mtu wa kwenye picha ananijua jina, na kazi yangu anaijua. Nikatoka mbio. Kitu kikanishika kanzu kwa nyuma, nikajikwanyua kwa nguvu zangu zote, kanzu ikachanika, mguu wangu ukakanyaga kitu kilicholia kama kijiti, na sikugeuka.

Nje jua linawaka, watu wamejaa sokoni, nami napiga kelele, "Wametoka! Wametoka! Wanachinja watu!" Wachukuzi wakatupa mizigo wakaokota fito, mama mmoja muuza vitumbua akaja na upawa wake unachuruzika mafuta, na askari wawili nyuma yao. Wakanipita wote. Waliingia wakaling'oa lile shuka, na Bakari alikula ufito mmoja wa uso kabla hajatambuliwa. Mimi niliingia baada ya wote, nikichungulia.

Hapakuwa na aliyekufa. Watu walikuwa wanacheka, kisha wakanyamaza waliponiona. Bakari damu inamtoka nyusini, anasema, "Mimi nilimwambia ni mimi." Na Mzee Nassor kakaa palepale kwenye mkeka, kifundo cha mkono wa kulia kinavimba, na mkono wa kushoto kashika kipande cha kanzu yangu.

Askari akauliza, "Nani aliyesema watu wanachinjwa?" Vidole vyote vikanielekea.

Hapo ningeweza kusema niliogopa. Lilikuwa neno moja tu. Nikasema, "Mzee, nilikimbia kuwaitieni msaada."

Zuwena alikuwa amesimama nyuma na shangazi yake. Akanitazama kidogo, kisha akainamisha macho, na wala si kwa haya zake, kwa zangu. Mzee akasema, "Zuwena mwanangu, nishike mkono huu mzima, twende nyumbani." Wakanipita.

Jina la Wametoka likanikaa tangu siku hiyo. Mteja anakuja na baiskeli, ananiambia, "Bwana Wametoka, mnyororo nao umetoka," na wenzake wanajishika mbavu. Hayo niliyazoea. Kwa Bakari nilikwenda kesho yake, akacheka, akanisamehe, akaniambia hata yeye aliogopa ukelele wangu. Kwa Mzee Nassor ilinichukua siku tisa.

Nilimkuta dukani, mkono umefungwa vibanzi na mganga wa mifupa, na kofia moja nusu imeshonwa, nusu bado, iko pembeni yake. "Shikamoo, mzee." "Marahaba. Kaa." Nikakaa. Nikamwambia, "Mombasa sikuona sinema. Hata hiyo mara moja."

"Nilijua. Uliposema paa linavuja nilijua."

Akaendelea taratibu, kama anayepima kitambaa: "Yule mtu alipotoka, hata mimi niliogopa, Rajabu. Mtu mzima mimi, nikakushika kanzu. Nikasema moyoni, kijana huyu sinema haijui, lakini hataniacha hapa."

Nilitamani anitukane. Hakunitukana. Akasema, "Zuwena nimemwuliza. Anasema woga si kitu, mle ndani hata yeye alipiga kelele. Lakini anauliza, huo msaada uliokwenda kuuita, mbona wewe uliingia nyuma yake?" Akanisogezea kikombe. "Posa nimemrudishia mjomba wako leo asubuhi, kwa heshima. Kunywa kahawa yako, inapoa."

Niliinywa.

Zuwena akaolewa mwaka uliofuata, mimi nami nikaja kuoa, alhamdulillahi, na mke wangu nilimsimulia haya yote kabla ya nikaha, asije akayasikia gengeni. Siku hizi mtu akiniuliza nisilolijua nasema sijui, hata mbele ya watu, hata likiwa la baiskeli. Na nikiwa mahali penye watu wengi na mtu mzima, pakitokea la kutokea, namtanguliza yeye mlangoni, nami natoka nyuma yake. Hakuna aliyewahi kuliona hilo, wala sijalisema kwa mtu, ila leo kwenu.