Kidole cha Mama Usipepese

Wifi yangu hupiga picha za pasipoti, na mtaa mzima unamwita Mama Usipepese kwa sababu ndilo neno analokupokea nalo kabla hata hujakaa. Kazi hiyo anaiweza, jamani. Mtoto mtundu, babu anayesinzia, wote huwanasa macho yakiwa wazi, kwa kuwa kidole chake cha shahada hakingoji amri. Picha ikikaa sawa tu, kimeshabonyeza.

Kidole hichohicho nusura kimwaibishe.

Ujanani alikuwa tegemeo la klabu ya kulenga shabaha kwa upinde, mpaka alipozaa mapacha na upinde ukapanda juu ya kabati. Mapacha walipokwenda shule ya bweni, akarudi uwanjani, na hakurudi kupunga upepo. Alitaka nafasi yake katika timu ya wanawake. Kocha, ambaye zamani alikuwa akimwokotea mishale, hakumung'unya maneno.

"Dada, majaribio ni Jumamosi ijayo. Usipofuzu, utaanza na wanaojifunza."

Nilimchukia yule bwana papo hapo.

Pinde za mashindano siku hizi zina magurudumu nchani, na uzi wake haushikwi kwa vidole vitupu. Unashikwa na kifyatuo, kidude cha chuma chenye kitufe. Wifi akakifunga mkononi, akavuta, akalenga. Alama ya kulengea ilipogusa duara la njano la katikati ya shabaha, kidole kikabonyeza kwa pupa, mkono ukashtuka, mshale ukaenda kuchoma nyasi. Akarudia. Nyasi tena.

"Wifi, shabaha haipepesi," nikamtania. "Haraka ya nini?"

"Nyamaza wewe! Kidole hakinisikii."

Garini alilia, nikajuta utani wangu.

Kesho yake tulimwendea fundi wa pinde, mtu mpole asiye na maneno mengi. Akamtazama akipiga, akajikuna kidevu. "Mama, jicho lako zima kabisa. Tukunyang'anye kitufe."

Akampa kifyatuo kisicho na kitufe: unakishika kiganjani, unaendelea kuvuta kwa mgongo, nacho hufunguka chenyewe mvuto ukifika kiasi. Ila kiasi hicho lazima kiendane na upinde wenyewe. Mwanzoni parafujo ya kupangia kiasi hicho ilikuwa legevu. Kikafunguka hata hajalenga, akajipiga ngumi ya mdomo. Fundi akaikaza. Sasa wifi akavuta mpaka macho yakamtoka pima, mshale umegoma.

"Huu upinde au mlango wa benki?" akahema.

Ndipo fundi akautundika upinde kwenye mizani, akapima uzito unaobaki mkononi upinde ukishavutwa mpaka mwisho, akailegeza parafujo mpaka kifyatuo kikawa kinafunguka kwa kuzidi uzito huo kidogo tu. Akafupisha na umbali wa kuvuta uzi, ngumi ikatulia vizuri chini ya taya. Tangu hapo wifi hakukosa uwanjani hata jioni moja, mdomo umevimba, kiburi kimerudi.

Jumamosi ikafika. Alipiga vizuri, wenzake nao wakapiga vizuri, ikabaki mishale ya mwisho. Wake ukiingia kwenye njano, yumo. Ukitoka, ni kwa wanaojifunza.

Akavuta. Alama ikagusa njano, nami nikafumba jicho moja kwa woga, maana nakijua kile kidole. Safari hii hakikuwa na cha kubonyeza. Wifi aliendelea kuvuta, taratibu, mabega yakifunguka, kana kwamba ana siku nzima. Uzi ukalia. Tuliruka juu tukipiga kelele, na yeye bado kasimama vilevile, kainua upinde.

"Umeenda?" akauliza.

"Umeenda, wifi! Katikati kabisa! Katikati!"

Nililia mimi safari hii, tena bila aibu. Kocha alikwenda mwenyewe kuutazama ule mshale, akarudi amevua kofia.

"Dada, unavaa jezi saizi gani?"

"Ndogo," akasema wifi yangu, na siku hiyo hata mimi sikumbishia.